Mafundisho juu ya Kupanga Uzazi: Hukumu Yake na Njia Zake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa tone la maji, akatuhifadhi katika matumbo ya mama zetu, na akayajaalia maziwa yao kuwa riziki yetu ya kwanza. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa jambo la kupanga uzazi lazungumzwa sana katika baraza zetu, na aghalabu ya walizungumzao ni wanaume ambao hawajapata kumuuliza mwanachuoni wala tabibu. Mmoja husema ni haramu lote, akamkataza mkewe, naye mkewe ana watoto watatu, na mkubwa wao hajatimiza miaka minne. Mwingine husema ni halali lote, akamwamuru mkewe ameze dawa, wala hakumuuliza kama aridhia, wala hakutazama kama ile dawa yamfaa au yamdhuru. Wa kwanza amekataza bila ya elimu, na wa pili ameamuru bila ya haki. Na wote wawili wataulizwa juu ya amana waliyopewa.

Basi tumeandika sahifa hizi ili kila mume ajue mambo mawili: sharia yasemaje, na njia zenyewe ni zipi na zafanyaje kazi. Kwani mwenye kutaka neno lake lifuatwe nyumbani, yampasa kwanza alijue analolisema.

FASILI YA KWANZA: Mambo matatu yasiyofaa kuchanganywa

Ugomvi mwingi katika mas'ala haya hutoka kwa watu kuyaita mambo matatu kwa jina moja.

La kwanza ni kuachanisha uzazi, yaani mume na mke kungoja muda kabla ya mimba nyingine, nao wana uwezo wa kuzaa watakapo. La pili ni kukata uzazi, yaani kuuondoa uwezo wenyewe usirudi tena. La tatu ni kuharibu mimba iliyokwisha kutunga.

Mambo haya yana hukumu mbalimbali. Anayesema juu ya la tatu kwa dalili ya la kwanza amekosea, na anayeharamisha la kwanza kwa dalili ya la tatu amekosea vilevile. Aya mbili mashuhuri, ya 151 katika Sura ya An'am na ya 31 katika Sura ya Israi, zakataza kuwaua watoto kwa sababu ya ufukara au kwa kuuogopa. Hizo zasema juu ya roho iliyopo. Wala wanavyuoni wengi hawakuzifanya kuwa ni hukumu ya maji ambayo bado hayajakuwa mtoto.

FASILI YA PILI: Azl na maneno ya wanavyuoni

Azl ni mume kuyatoa maji yake nje ili mkewe asishike mimba. Ndiyo njia iliyojulikana zama za Mtume (s.a.w.), na juu yake wanavyuoni wamejenga hukumu za njia nyingine.

Imepokewa kwa Jabir bin Abdillahi, katika Bukhari na Muslim, ya kuwa masahaba walikuwa wakifanya azl na hali Qur'ani yateremka, wala hawakukatazwa. Na katika Muslim imepokewa kuwa mtu mmoja alimwuliza Mtume juu ya mjakazi wake, akaambiwa afanye azl akipenda, na lililokadiriwa litafika. Kisha akarudi baada ya muda kueleza kuwa yule mjakazi ameshika mimba. Katika habari hii mna mafunzo mawili: ya kuwa sababu yaruhusiwa, na ya kuwa sababu haishindi kadari.

Iko habari nyingine katika Muslim, ya Judama binti Wahb, ambamo azl imefananishwa na kuzika kwa siri. Kwa habari hii Ibn Hazm aliharamisha azl. Lakini wanavyuoni wengi waliijumuisha na zile habari za ruhusa, wakasema kuwa maana yake ni karaha, si uharamu. Imamu Nawawi katika madhehebu yetu ya Shafi aliona ni makruhu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliona ni halali, ingawa kuiacha ni bora.

Na hoja ya Ghazali yafaa ifahamike na watu wa biashara. Asema kuwa mtoto hatokani na maji ya mume peke yake; lazima yakutane na ya mke. Maji ya mume ni kama neno la muuzaji, na kukutana kwake na ya mke ni kama kukubali kwa mnunuzi. Anayelirudisha neno lake kabla ya mwenziwe kukubali, hajavunja mkataba wowote, kwani mkataba haujafungika bado.

Kisha Ghazali akatazama nia. Katika nia zisizokatazwa alitaja kuhifadhi uhai na afya ya mke na hatari za utungu, na kuogopa taabu nyingi kwa wingi wa watoto. Na katika nia mbovu alitaja kuogopa kuzaa watoto wa kike. Ndugu yangu, ikiwa wewe wasema "tumetosheka" kwa sababu una wana wa kiume, au wasema "tuendelee" kwa sababu mabinti peke yao hawakutoshi, basi itazame nia yako kabla hujatazama dawa.

Ama ridhaa ya mke, madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali yameishurutisha, kwani mke ana haki katika mtoto na katika starehe yake. Katika madhehebu yetu wako walioishurutisha na wako wasioishurutisha. Lakini hakuna aliyesema kuwa kumdhulumu mke ni jambo jema.

Na wanavyuoni wa zama za karibu wameyapima mambo mapya kwa mizani hiyo. Mufti wa Misri, Sheikh Abdulmajid Salim, alitoa fatwa ya ruhusa mwaka 1937. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar tangu 1958 hata alipofariki mwaka 1963, alipambanua baina ya kuachanisha uzazi, ambako kwafaa, na kuwalazimisha watu wote mpaka mmoja wa idadi ya watoto. Na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua mambo matatu: haijuzu kutunga sharia ya kuwazuilia mume na mke uhuru wao wa kuzaa, ni haramu kuuondoa uwezo wa kuzaa kwa mume au mke pasipo dharura, na yajuzu kuzuia uzazi kwa muda, ikiwa iko haja, kwa kushauriana na kuridhiana, na kwa njia isiyo na madhara wala isiyoishambulia mimba iliyotunga.

FASILI YA TATU: Haki ya mtoto anyonyaye

Katika Sura ya Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ameweka muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza. Na katika aya ile ile, mume na mke wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya muda huo, imeshurutishwa waridhiane na washauriane. Basi tafakari: ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwataka ridhaa ya wawili, itakuwaje kumleta mtoto mwingine juu yake kusitake hata neno moja?

Wazee wetu wa pwani walikuwa na khofu ya kubemenda. Walisema kuwa mume akimwendea mkewe anyonyeshaye, mtoto hudhoofika, akakonda, akachelewa kwenda. Katika hadithi ile ya Judama iliyomo katika Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja kuwa alikaribia kukataza jambo hili, kisha akatazama Warumi na Waajemi wanaolifanya, wala watoto wao hawadhuriki. Basi kumwendea mke anyonyeshaye si haramu, na tendo lenyewe halimdhuru mtoto. Utabibu nao wasema hivyo hivyo.

Lakini khofu ya wazee haikuwa bure. Walichokiona ni mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati kwa kuwa mama ameshika mimba nyingine. Na mtoto huyo, akikosa chakula kizuri badala ya maziwa, hukonda kweli. Walijua dalili, hawakujua sababu. Dawa yake basi si mume kumhama mkewe miaka miwili akatafute kwingine. Dawa yake ni kuiahirisha mimba.

Na Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri mama akishajifungua angoje angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwani mimba zinazokaribiana mno huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na mama hubaki hana damu ya kutosha. Miezi 24 ni ile ile miaka miwili ya ziwa.

FASILI YA NNE: Njia zenyewe

Ili upime nguvu ya kila njia, jua kipimo watumiacho matabibu: wanawake 100 wakiishi na waume zao mwaka mmoja bila kutumia kitu, wapatao 85 watashika mimba. Hesabu tutakazozitaja ni kwa watu kama walivyo, pamoja na kusahau kwao na kuteleza kwao.

Kunyonyesha. Ni njia ya kwanza na haina gharama. Huzuia mimba kwa masharti matatu yakikutana: mtoto awe hajatimiza miezi sita, awe anyonya ziwa tupu, usiku na mchana, na mama awe hajarudi hedhini. Yakitimia yote, katika wanawake 100 hawatashika mimba zaidi ya wawili. Likikosekana moja, njia hii haitegemeki. Na wengi hughafilika hapa, kwani mwanamke aweza kushika mimba kabla ya kuiona hedhi yake ya kwanza baada ya kuzaa.

Azl. Haina dawa wala gharama, lakini ni dhaifu: katika 100, wapatao 20 hushika mimba kwa mwaka. Yataka mume mwenye kujizuia, na humpunguzia mke haki yake.

Kuhesabu siku. Yai la mwanamke hutoka mara moja katika kila mzunguko, aghalabu siku kumi na nne hivi kabla ya hedhi ifuatayo. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni baina ya siku 26 na 32, hujiepusha tangu siku ya 8 hata ya 19, akihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi. Wapatao 12 katika 100 hushika mimba. Haimfai ambaye hedhi yake haina taratibu, wala aliyejifungua karibuni.

Mpira. Huvaliwa na mume, ukayazuia maji yasifike. Wapatao 13 katika 100 hushika mimba, na wakiutumia sawasawa kila mara ni wawili tu. Nao huzuia pia maradhi ya zinaa na virusi vya Ukimwi. Basi ikiwa mmoja wa wawili ana maradhi, kuutumia ni katika kuondoa madhara.

Vidonge. Viliruhusiwa kwanza Marekani mwaka 1960. Humezwa kimoja kila siku, navyo hulizuia yai lisitoke, au huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito usipitishe mbegu. Wapatao 7 katika 100 hushika mimba, na sababu kubwa ni kusahau. Viko vya aina mbili. Vile vyenye dawa mbili havimfai mwenye shinikizo la damu, wala aliyepata kugandiwa na damu mishipani, wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35, wala anyonyeshaye mtoto aliye chini ya miezi sita. Vile vyenye dawa moja humfaa anyonyeshaye.

Sindano. Hupigwa kila miezi mitatu. Wapatao 4 katika 100 hushika mimba. Hedhi huweza kuvurugika au kukatika kabisa, na akiiacha, uzazi huchelewa kurudi, pengine miezi kumi au zaidi. Atakaye mtoto karibuni asiichague.

Vipandikizi. Ni vijiti vidogo vyembamba vitiwavyo chini ya ngozi ya mkono wa juu. Hudumu miaka mitatu hata mitano kwa kadiri ya aina yake. Katika 100 hapati hata mmoja. Vikitolewa, uzazi hurudi upesi. Udhia wake ni damu kutoka bila taratibu. Na mwenye kutumia dawa ya kifua kikuu au ya kifafa amweleze tabibu, kwani baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya vipandikizi na ya vidonge.

Kitanzi. Ni kitu kidogo kitiwacho ndani ya tumbo la uzazi na mtu aliyesomea kazi hiyo. Cha shaba hudumu miaka kumi au zaidi, na katika 100 hapati hata mmoja kwa mwaka. Huzifisha mbegu za mume kabla hazijakutana na yai. Ndiyo kazi yake kubwa. Huweza kuzidisha damu ya hedhi na maumivu, wala hakimfai mwenye maradhi ndani ya kizazi.

Vidonge vya dharura. Humezwa baada ya tendo, si zaidi ya siku tano, na kila kuwahi ni bora. Huchelewesha yai kutoka. Haviiharibu mimba iliyokwisha kutunga. Havikuwekwa kuwa desturi ya kila mwezi.

Kufunga kizazi. Kwa mwanamke hufungwa mirija ipitayo yai. Kwa mwanamume hukatwa mishipa midogo ipitayo mbegu, wala si kuhasiwa, kwani nguvu zake hubaki. Lakini zote mbili huhesabiwa ni za kudumu, na hukumu yake umekwisha kuisoma: haijuzu ila kwa dharura, kama mwanamke ambaye matabibu waaminifu wamesema kuwa mimba nyingine yahatarisha uhai wake.

Ama mafundo ya uzi na hirizi zifungwazo kiunoni, hazizuii mimba. Na anayeitakidi kuwa uzi wazuia lile aliloliumba Mwenyezi Mungu, aichunge imani yake kabla hajaichunga nyumba yake.

FASILI YA TANO: Tohara na sala

Mwanamke atumiaye sindano au vipandikizi huenda akaona damu siku nyingi. Katika madhehebu yetu, hedhi chache kabisa ni mchana na usiku, na nyingi kabisa ni siku 15. Na tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu ikipita siku 15, imeingia istihadha. Hapo atarejea katika kuipambanua damu ikiwa yapambanulika, au katika ada yake ya zamani, kwa tafsili iliyomo vitabuni. Na akiwa katika istihadha, hujisafisha, hujifunga, hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake, na husali na kufunga. Na mumewe ni halali kumwendea.

Wengi huacha sala mwezi mzima kwa kutojua haya, na mume amenyamaza. Na jua pia kuwa josho la janaba huwajibika kwa kuingiliana, hata kama ni kwa mpira, na hata kama maji hayakutoka.

MASWALI NA MAJAWABU

Swali: Je, kupanga uzazi si kutomtegemea Mungu katika riziki?

Jawabu: Nahodha huamini ya kuwa salama ni ya Mwenyezi Mungu, na pamoja na hayo hatweki tanga katikati ya kusi kali, hungoja. Wala hakuna aliyemwambia kuwa imani yake imepungua. Anayengoja ili mama apumzike na mtoto amalize ziwa, amefuata sababu aliyoiumba Mola wake. Lakini anayedhani kuwa yeye ndiye mruzuku, na kuwa watoto wakizidi Mungu hawezi kuwalisha, huyo itikadi yake ndiyo mbovu, azae asizae.

Swali: Mke aweza kutumia dawa kwa siri?

Jawabu: Asili ni mashauri, na siri huvunja mapenzi ya nyumba. Lakini mume naye ajiulize: mke wangu ameogopa nini hata hakuniambia? Na ikiwa tabibu mwaminifu amesema kuwa mimba itamhatarishia uhai, mume hana haki ya kumzuia, kwani ni kanuni ya sharia kuwa madhara huondolewa.

Swali: Dawa hizi huleta utasa?

Jawabu: Hapana. Njia za muda zikiachwa, uzazi hurudi, ingawa kwa sindano hukawia. Ila umri hausimami. Aliyengoja hata miaka 40 asiitupie dawa lawama zote.

KHATIMA

Ndugu yangu, wahenga wamesema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Umekwisha kuona kuwa katika njia zote hizi, zilizo mwilini mwa mume ni chache mno: azl, mpira, na kule kufungwa ambako hakujuzu ila kwa dharura. Zilizobaki zote ni mwilini mwa mke. Yeye ndiye achukuaye mimba, na yeye ndiye achukuaye dawa. Basi lisilokupata mwilini lisiwe jepesi ulimini mwako.

Yakupasa mambo manne. Mshauri mkeo, na umsikilize kabla hujasema. Nenda naye hospitali, usimtume peke yake kama mkosa. Toa gharama, kwani ni katika kuitunza nyumba yako. Na akikwambia kuwa dawa yamdhuru, usimwambie avumilie; mrudishe kwa tabibu, ibadilishwe. Na ukichelea kuwa hakuna dawa imfaayo, kumbuka kuwa ziko njia zilizo mkononi mwako wewe.

Na lolote mtakaloliamua baina yenu kwa ridhaa na mashauri, msiwahukumu jirani zenu kwalo. Mwenye watoto kumi aliowalea katika dini ana kheri yake, na mwenye watatu aliowalea katika dini ana kheri yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kwenye taufiki.